Na Wengine Wote

Kaka mtu wanamwita Mheshimiwa, na hajawahi kugombea hata uenyekiti wa mtaa. Jina alilipata utotoni, kwa sababu hata akiomba chumvi mezani alianza na utangulizi. Sasa yuko mbali, ana kazi ya ofisini, na ujumbe wake katika kundi la familia husomwa kwa heshima zote. Mdogo wake, fundi cherehani, ndiye aliyebaki na mama.

Kubaki na mama, maneno mepesi hayo mdomoni. Mama alipoanguka na upande mmoja ukapooza, fundi alihamishia cherehani chumbani kwa mgonjwa. Alimgeuza asipate vidonda, akamwosha, akamlisha, akarudi kukunja pindo za sare za watu. Wateja wengine walimkimbia kwa kucheleweshwa. Hakulalamika. Alichokitaka ni kimoja tu, na hakuwahi kukitamka: kaka yake amwambie asante. Si zawadi, si sifa. Asante tu, ikiwezekana mbele ya watu.

Basi siku daktari aliposema mama anapata nafuu, Mheshimiwa akaandika. Simu ililia fundi akiwa amekumbatia mashuka yaliyolowa. Akayabwaga, akajifuta mikono kwenye gauni. Ujumbe ulikuwa mrefu, kama kawaida ya mwenyewe. Alimshukuru daktari na wauguzi. Akamshukuru jirani kwa gari lake siku ile ya kwanza, shangazi kwa dua, na mkewe kwa kumtia moyo katika kipindi kigumu. Hapo maandishi yakakatika, chini pameandikwa "soma zaidi". Moyo wa fundi ukaruka. Kumbe ameniweka mwisho, akajisemea, mambo mazuri hayataki haraka. Akabonyeza.

"Na wengine wote ambao siwezi kuwataja mmoja mmoja."

Basi, ndiyo imekwisha. Jamani! Mtu amwoshe mama yenu kwa mikono yake, halafu mke aliyetia watu moyo kutoka kwenye kochi apate mstari wake, yeye awe wengine wote! Fundi alisoma tena, labda jicho limeruka mahali. Halikuruka. Huku majibu yakimiminika: mioyo, viganja vilivyounganishwa, una moyo wa shukrani Mheshimiwa. Akailaza simu kifudifudi, akaenda kufua.

Jioni kaka akapiga. Fundi alikuwa akimlisha mama supu, mikono haina nafasi, akaweka spika. Mheshimiwa akaeleza, kwa utangulizi, kwamba familia nzima imejibu isipokuwa yeye, na alama za bluu zinaonyesha amesoma, na watu wameanza kuuliza kama kuna ugomvi.

"Nimejitafuta humo sijajiona," fundi akasema.

Kaka akacheka, wala si kwa ubaya. "Wewe ni wa ndani, mdogo wangu. Wa ndani naye anashukuriwa? Andika neno moja tu, nisionekane vibaya."

Akakata. Mama alikuwa amesikia yote. Tangu aanguke maneno yalimtoka kwa shida, nusu nusu, lakini safari hii yalitoka mazima.

"Mjibu mwanangu."

Kijiko kikabaki hewani. Neno la mdomoni halina alama ya mkato, na fundi hakujua mwanangu ni yeye anayebembelezwa ajibu, au ni yule anayesubiri kujibiwa. Angeweza kuliacha hapo, akachagua maana iliyompendeza, akalala nayo. Lakini aliuliza.

"Mwanao yupi, mama?"

"Huyo mwenye shukrani," mama akasema, akafungua kinywa kungoja supu.

Fundi akamlisha mpaka bakuli likaisha, akampangusa kidevu. Kisha akachukua simu, akaandika kwenye kundi: "Asante sana, kaka, kwa kutukumbuka." Haukupita muda, Mheshimiwa akamjibu kwa kidole gumba.