Sehemu ya Pili Bila Sauti

Bi Faridah alizima sauti ya televisheni, akaiweka rimoti mezani taratibu kama anayelaza mtoto.

"Haya, Baba Mansour," akamwambia mumewe. "Uwanja wako."

Zein alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, chini mabasi ya Kilburn, huku ughaibuni, yakipita, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Kiharusi kilimpata mwezi wa Ramadhani. Miguu ilirudi kidogo, maneno hayakurudi. Yule binti wa hospitali anayefundisha watu kusema upya alikuwa mpole, lakini alisema wazi: Jumatatu atakuja mara ya mwisho. Akisikia neno, hata moja, ataomba mzee aongezewe miezi mitatu. Asiposikia, nafasi itakwenda kwa mgonjwa mwingine. Na leo ilikuwa Jumamosi.

Ndipo Bi Faridah alipomwita Alkesh.

Alkesh alikuja kutoka Southall, kichwa cheupe pee, mfuko wa bhajia mkononi, na Kiswahili chake cha Mombasa hakijachuja hata kidogo. Ujanani hakukosa Ijumaa hata moja katika ukumbi wa video wa Zein kule Majengo. Siku hizo kanda za Kichina ziliwekwa bila sauti, Zein akasimama kando na maikrofoni, akaisimulia picha yote kwa Kiswahili. Kichina hakukijua hata cha kuombea maji. Alitazama nyuso, akatunga. Yule shujaa wa hadithi za kale za Wachina, tabibu wa kijiji aliyepigana na majambazi kwa mikono mitupu, Zein alimpa jina la Kombo, na mtaa mzima ukamwita Kombo.

"Mwalimu," Alkesh akamwinamia, "unakumbuka ulivyotuacha? Kombo yuko juu ya daraja, maadui huku, maadui kule, picha ikakatika! Ukasema sehemu ya pili Ijumaa ijayo. Miaka thelathini na tano naingoja hiyo Ijumaa, mzee wangu!"

"Wewe nawe!" Bi Faridah akacheka. "Sehemu ya pili ilikuwa haijatengenezwa. Alikudanganya ili urudi."

"Na nilirudi, mama. Mara sita! Akatuwekea picha ya nyani."

Upande mmoja wa mdomo wa Zein ulicheka. Bi Faridah aliuona.

Picha ikaanza, sehemu ya pili yenyewe, iliyotengenezwa baada ya miaka yote hiyo. Kombo amezeeka sasa, ndevu hadi kifuani, anashuka mlimani peke yake na fimbo. Zein akajivuta, akakaa wima. Akakohoa mara mbili, vilevile alivyokohoa zamani kabla ya kushika maikrofoni. Bi Faridah akashika ukingo wa meza. Mdomo ukafunguka.

Pumzi ikatoka. Pumzi tu.

Alkesh hakustahimili. "Mabibi na mabwana, Kombo huyooo! Anashuka na—"

Zein akaupiga mkono wa kiti kwa mkono wake wa kushoto, paa! Bhajia zikaruka kwenye sahani.

"Usimwingilie," Bi Faridah akasema. "Picha ni yake."

Wakangoja. Na Zein akaanza kweli. Midomo ilikuwa ikienda. Kombo akinena, Zein anakunja uso kizee. Jambazi akitokea, anabenua mdomo kwa dharau. Ngumi zikianza ananyamaza, maana siku zote alisema ngumi hazihitaji mkalimani. Zikiisha, anashika pale pale alipoachia.

"Mama," Alkesh akanong'ona, "anasimulia."

"Naona."

"Nimrekodi kwa simu? Jumatatu tumwonyeshe yule binti."

"Urekodi nini, baba? Pumzi?"

Alivuta kigoda, akakaa ubavuni mwa mumewe, akatega sikio mdomoni mwake. Hewa ya moto yenye harufu ya chai ya tangawizi. Mnong'ono haukuwamo.

"Sema Kombo," akambembeleza. "Kom-bo. Neno moja tu, Baba Mansour, kwa ajili ya Jumatatu. Mie sitaki zaidi."

Zein akamtazama kama anayemtazama mtu aliyesimama akawaziba wenzake picha, akasogeza kichwa pembeni apate kuona, akaendelea.

Kwenye kioo mwanamke wa nguo nyeupe alitoka kwenye ukungu, akapiga magoti ukingoni mwa mto. Kombo akatupa fimbo. Maandishi ya Kiingereza yalipita chini mbiombio, na Bi Faridah, aliyeacha shule darasa la nne, hakuyawahi. Alkesh akafungua kinywa amsomee. Bi Faridah akamzuia kwa kiganja.

"Ya hao siyataki." Kisha akamgeukia mumewe. "Yule mwanamke ni nani? Na analia nini?"

Zein akageuka mzima mzima kumkabili, akamjibu. Alimjibu kwa kirefu. Mkono wa kushoto ulichora njia hewani, ukaonyesha mtu mrefu, ukaonyesha kitu kilichovunjika. Katikati alisita akacheka, halafu machozi yakamlengalenga. Bi Faridah aliitikia kwa kichwa pale alipodhani panafaa kuitikia.

Mwishowe Zein akanyamaza, akainua nyusi, akamngoja. Alikuwa amemuuliza swali. Bi Faridah akamtazama usoni, asijue aseme ndiyo au aseme hapana.