Vumbi la Salfeti

Siku Mwamini alipokata roho, gari lilikuwa kwenye foleni ya Ndundu na kivuko kilikuwa bado ng'ambo. Hadija, mdogo wake, alikuwa amemwegemeza kifuani, akimpepea kwa upindo wa khanga. Pumzi iliingia kwa mluzi ikatoka kwa taabu, mara ikaingia isitoke. Gari likageuzwa, wakarudi naye Bungu. Hospitali ya Utete hawakuiona.

Pumu Mwamini alikuwa nayo tangu utotoni, ila ilikuwa ya msimu, ikija na baridi na kuondoka na vidonge. Kisha serikali ikaifungua biashara, mchele na sukari ya nje vikaanza kushushwa barabarani kwenye mifuko ya salfeti, ile myeupe iliyofumwa kwa nyuzi za plastiki. Mifuko mitupu ilizagaa juani mpaka ikachakaa. Ukindu nao ulikuwa umekuwa wa kufuatwa mbali. Mwamini ndiye aliyewaza kuifumua ile mifuko na kusuka ukili kwa nyuzi zake. Mikeka yake iling'aa, wasafiri wakaipenda.

Mazoea ya ukindu lakini hakuyaacha. Ukindu hausukwi penye upepo, maana ukikauka unakatika, ndiyo maana wanawake wa kule husukia chumbani, dirisha limefungwa. Plastiki haikauki, wala upepo hauidhuru. Hilo hakuna aliyelifikiria. Mwamini alifunga dirisha, akakung'uta mfuko, akafumua, uzi ukipita midomoni mwake kama upitavyo ukindu. Binti yake Muzdalifa alikaa ubavuni pake akifanya vivyo hivyo. Pumu ya Mwamini ikaacha kungoja baridi.

Matanga yote Hadija hakulala vizuri. Kila alipojinyoosha karibu na Muzdalifa alisikia kamluzi kembamba kifuani mwa yule binti, kama ka mamake.

"Pumzika, mwanangu," alimwambia.

"Nitapumzika nikishaumaliza mkeka wa mama, mamdogo. Umebaki kidogo tu."

Hadija hakuwa na nguvu ya kubishana.

Siku ya kuanua matanga akaingia Tabu, mtani wa ukoo, kajifunga khanga za marehemu ili amwigize, kama ada inavyomruhusu. Akaenda moja kwa moja chumba cha kusukia, wanawake nyuma yake.

"Nani kafungua dirisha langu? Mnataka ukili wangu ukatike, wavivu nyie?"

"Lifungeni upesi, atatuchapa!" alipiga kelele Fatu, jirani yao.

Tabu akalifunga mwenyewe. Akatwaa mfuko, akaukung'uta usoni mwao kwa madaha, kisha akaketi pale pale alipokuwa akiketi Mwamini.

"We Hadija, mbona ukili wako umepinda kama miguu ya mumeo?"

Chumba kikalipuka kwa vicheko. Hadija naye akacheka, na kicheko kikamuuma. Tabu akapitisha uzi midomoni, akakohoa kikohozi cha Mwamini.

"Ndiye! Ndiye hasa!" wakapiga makofi.

Tabu akaendelea kukohoa.

"Basi, Tabu, umeshatuchekesha," alisema Fatu.

Akatikisa mkono kuwa si mzaha, machozi yakimtoka. Hapo Hadija akageuka. Muzdalifa alikuwa ameinama pembeni, mikono magotini, akiivuta hewa isiyotaka kuja. Hadija akalisukuma dirisha. Jua likaingia, na ndani ya jua vikaonekana vinyuzi vyeupe, vyembamba kuliko nywele, vinaelea tu, havitui.

"Hivi ndivyo mnavyokula humu?" Tabu aliuliza akijifuta macho. "Mtakwisha, watani zangu. Nani atakuwa ananitukana?"

Hakuna aliyecheka.

Kesho yake Hadija akampeleka Muzdalifa zahanati. Mganga alimsikiliza kifua mbele na nyuma.

"Vumbi huchochea pumu, hilo najua. La plastiki sijalisoma mahali. Siwezi kukuambia kuwa ndilo lililomuua dada yako."

"Sasa nifanye nini, daktari?"

"Akiwa karibu nalo anabanwa?"

"Anabanwa."

"Basi mweke mbali nalo."

Njiani kurudi Muzdalifa akauliza, "Na mkeka wa mama?"

"Nitaumaliza mie. Nje."

"Wewe huna kifua, mamdogo?"

"Kifua ninacho. Pumu ndiyo sina. Tembea polepole."

Hadija aliumalizia uani, upepo ukimpiga mgongoni, khanga imemziba pua, na Tabu akapita akimwita bibi harusi. Mifuko iliyobaki waliifukia. Fatu alisema ichomwe, Hadija akakataa, hakutaka na moshi wake.

Siku hizi Muzdalifa husuka ukindu tu, barazani, na ukianza kukauka huunyunyizia maji. Baridi ikija bado hubanwa, akameza vidonge. Dirisha la kile chumba halifungwi tena.