Hodi Kabla ya Umeme

Siku ile mjinga alikuwa Mkasi, na mwenyewe hakatai. Jina hilo alibandikwa maabara, kwa kuwa kazi yake ni kukata jeni za bakteria na kupachika nyingine. Kwanza huwapiga shoti ya umeme ili ngozi zao zifunguke. Wanaoikubali jeni mpya huota vidoa vyeupe kwenye sahani. Wanaoikataa, vya buluu.

Kwa miezi sahani zake zilikuwa buluu tupu, na mkuu wa maabara alishasema kitengo kitafungwa. Mkasi hakutulia. Alisimama, akaketi, akafuta meza iliyokwisha kufutwa, mwishowe akagonga kichupa cha bakteria kwa ukucha, akawakejeli: "Hodi basi, waheshimiwa."

"Karibu," bakteria wakaitikia, kwa sauti ya maji yanayokaribia kuchemka.

Akabonyeza swichi. Kesho yake sahani ilikuwa nyeupe pe.

Mkuu hakuuliza mengi, ila kama hodi ni moja au tatu. Ikaingizwa kwenye utaratibu wa kazi, kati ya kuvaa glavu na kuwasha umeme. Jamaa wa meza ya pili, mtu wa papara, alipiga hodi akabonyeza bila kungoja jibu, akavuna buluu. Akaambiwa ajifunze adabu.

Mkasi akapewa kuongoza tawi jipya, mji wa mbali, pamoja na nyumba ya kuishi. Alisema ndiyo kabla mkuu hajamaliza kusema, akakubali na lori la kuhamisha vyombo, akarudi nyumbani mbiombio, funguo zikimchezea mfukoni.

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akikunja pindo la gauni, pini mdomoni. Habari ya hodi aliisikiliza yote, akacheka panapochekesha, akauliza kama bakteria huitikia kwa pamoja au kwa zamu. Ndipo Mkasi akamalizia kwamba wanahama, leo hii.

Mke akauliza wateja wake atamwachia nani. Mkasi akasifia bafu la ndani na madirisha makubwa. Wapakizi waliokuja na lori walishatoa kabati. Sasa walikuwa wameinama kuinua cherehani.

"Jamani, mama watoto, habari njema nayo inataka kikao?"

Mkewe akatoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kimto.

"Vidudu visivyoonekana kwa macho umevipigia hodi, ukangoja vikujibu. Mimi umenipiga shoti tu."