Maiti Hapiki Supu

Mume anamzika mkewe akiwa hai, nyuma ya ukuta wa ghala, ili ayarithi mashamba yake. Siku ya karamu mke anabisha mlango. Mume anafungua. Basi, riwaya inaishia hapo, na kwa miaka mia hakuna aliyethubutu kuugusa mwisho ule, mpaka ulipoangukia mikononi mwa Bwana Oakes wa supu ya makopo, hapa kwetu Chicago.

Oakes ndiye aliyedhamini kipindi chetu cha redio cha hadithi za kutisha. Jioni ya kurusha hadithi ile alituletea kurasa mpya.

"Mke asirudi," akasema. "Iwe mume aliota tu. Anaamka, mkewe anamsamehe, wanakunywa supu."

"Anamsamehe nini kama ni ndoto?" nikauliza.

"Wewe Augusta, kazi yako kugonga milango."

Kweli, ndiyo kazi yangu, kutengeneza sauti za kipindi: milango, ngurumo, na mifupa inayovunjika, ambayo ni karoti tu. Lakini masikio ninayo.

Verna Sobczak, aliyeigiza mke, alizisoma zile kurasa akiwa amesimama. Mumewe wa kwanza alizoea kumfungia katika chumba cha makaa, kwenye baridi ya Januari. Sote tulijua, na hakuna aliyewahi kulitaja. Siku ile alilitaja mwenyewe.

"Bwana Oakes, mimi nimefungiwa. Nilipotoka sikumpikia mtu supu."

"Ukitaka kazi, bibi, soma kilichoandikwa."

Mwongozaji wetu, Hatcher, mwoga kuliko kuku, akamnong'oneza, "Verna mama, mwenye nguvu mpishe."

Taa nyekundu ikawaka, tukawa hewani. Redioni ukimaliza ukurasa huufunui. Unauachia udondoke zuliani, karatasi isisikike. Verna aliachia mmoja mmoja kwa adabu. Alipozifikia kurasa mpya, akaziachia zote kwa pamoja, kisha akanitazama.

Tulikuwa tunarusha moja kwa moja. Kukatiza ni kuwaachia wasikilizaji kimya, na kimya redioni ni dhambi kuliko mauaji. Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo Hatcher alikuwa anajichinja shingo kwa kidole, yaani acheni, acheni! Lakini bila mkono wangu mwanamke yule asingerudi. Liwalo na liwe, nikasema moyoni, nikaubisha mlango wangu wa mbao uliosimamishwa studioni.

Aliyeigiza mume, maskini, naye akaziachia kurasa zake. "Nani huyo?"

"Fungua, mume wangu," Verna akasema taratibu. "Njaa inaniuma."

Taa ilipozimwa tu, Oakes akaingia anafoka. "Mmenidhalilisha mbele ya nusu ya nchi!"

"Bado nusu," Verna akamjibu.

Na kweli ilikuwa bado. Siku zile watu wa pwani ya magharibi tuliwachezea kipindi upya, saa yao ya chakula ikifika. Hakukuwa na muda wa kutafuta mwigizaji mwingine, na Oakes alilijua hilo.

"Mtarudia, na safari hii mtasoma. La sivyo, Bi Sobczak, hutaigiza tena mji huu."

Akaamuru mlango wangu utolewe nje. Ukabebwa mbele ya macho yangu. Kisha akaja kusimama studioni, mikono kifuani, kando ya kreti la mbao alilolileta kwa ajili ya picha, lenye jina la kampuni yake kwa herufi nyekundu. Makopo yake yalikwisha kugawiwa wageni.

"Sasa wafu wabishe hewa," akasema, akacheka peke yake.

Tukaanza upya. Verna akafika pale pale, akaziachia kurasa pale pale. Oakes akaitazama mikono yangu mitupu, akatabasamu.

Nikavua viatu. Nikanyata na soksi mpaka miguuni pake, nikapiga magoti, nikalibisha kreti lake. Lilikuwa tupu. Mlango wangu haujawahi kutoa sauti ile. Lilikuwa jeneza hasa.

Oakes akafungua mdomo. Kipaza sauti kilikuwa wazi, magharibi yote ya nchi ingemsikia, akaufunga. Kipindi kilipokwisha alitufukuza wote wawili, Verna na mimi, kabla hatujavaa makoti, na sijuti hata chembe. Lakini wakati ule nikabisha tena, kwa nguvu zaidi.

"Nani huyo?" mume akauliza.

Verna aligeuka, akamkazia macho Oakes.

"Fungua, mume wangu. Njaa inaniuma."