Masharubu ya Jumatano

Jumatano asubuhi, siku filamu mpya zinapoanza kuonyeshwa Paris, Thibault alijibandika masharubu bandia, akajipenyeza safu ya nyuma ya sinema kusikiliza watu wakiichekea filamu ya vichekesho aliyoiongoza. Watu saba tu, mmoja wao bibi wa safu ya mbele, na kimya kama msibani! Hata kasisi wa kwenye filamu alipotumbukia kwenye supu ya vitunguu, hakuna aliyecheka. Thibault akapandwa na hasira, akamtikisa jirani yake.

“We mzee, umenuna nini?”

Masharubu ya jirani yakadondoka. Kumbe ni Gwenaël, mpigapicha wake! Na wale watano wengine? Mafundi wake wa filamu, masharubu yaleyale, wote wamekuja kusikiliza wengine wakicheka. Wakaangua kicheko mpaka viti vikatetemeka.

Bibi wa safu ya mbele akageuka, kafura.

“Acheni kelele, nyie! Wengine tumekuja kulala!”