Jina la Tujikwamue

Yuliana alikuwa kazini tangu alfajiri, anabangua korosho, mikono kaipaka majivu ili mafuta ya maganda yasimchome, pale Justina alipoingia bandani na simu mkononi.

"Shikamoo, Mama Halfani. Ni ya marehemu hii. Jana tumemaliza arobaini, tukafungua mzigo wake."

"Marahaba, mwanangu," Yuliana akaitikia.

Marehemu Isabela, dada yake Justina, alikuwa katibu wa kikundi chao cha wanawake, Tujikwamue, na tovuti ya jina hilo ya kuuzia korosho ilikuwa mikononi mwake. Hapa Newala vitu vya marehemu havipekuliwi kabla ya arobaini. Vilifungwa kwenye khanga, simu ikiwa humo humo, na hakuna aliyeona ubaya. Hata hoteli za mbali zilipoacha kuagiza, wanawake walisema labda nazo zimesikia msiba.

Simu ilipotiwa chaji ikamwaga ujumbe mfululizo. Jina la tovuti linakaribia kuisha muda, lipieni. Muda umekwisha. Jina limeachiwa. Yuliana akanawa, akadandia lori la Masasi.

Huko Masasi, mtaa wa Mkomaindo, kulikuwa na chumba cha intaneti cha binti mmoja aitwaye Ziada. Akamfungulia tovuti. Yuliana akajiona mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta, kaketi mbele ya gogo lake la kubangulia, anacheka. Picha ile aliipiga Isabela. Chini yake palikuwa na namba ya simu asiyoijua.

"Wamenakili kila kitu, mama," Ziada alisema. "Jina likiachwa wazi, anayewahi kulilipia ndiye mwenyewe."

"Hata kama lina wenyewe?"

"Hata kama."

Ilimuuma. Jana tu ukoo ulikaa kitako, wajomba na akina mama, wakajadiliana hadi wakakubaliana kumpa binti wa Justina jina la Isabela, lisipotee. Kumbe huku jina huokotwa tu, kama bibo la mkorosho lililoanguka njiani.

Alikwenda kwa afisa mmoja wa biashara, Christopher, mgeni wa mkoa, akamkuta anakunywa chai. Alimsikiliza mpaka mwisho, hilo tumpe.

"Mama yangu, siku hizi ni soko huria. Hatuwezi kumwingilia mfanyabiashara."

"Mbona ushuru mnatutoza kwa jina hilo hilo?"

"Ah, ushuru ni jambo jingine."

Yuliana akatoka nje, akaipiga ile namba mwenyewe. Ikapokewa na sauti laini ya mwanamume, akajitaja kuwa ni Humphrey.

"Tujikwamue ya Newala? Mama, mimi ndiye niliyekuwa nawatafuta! Niko Ndanda hapa. Jioni nitakuwa kwenu."

Na kweli alikuja, na pikapu yake, akaamkia kila mtu, akateremsha sukari na sabuni. Kijana mwenye adabu zake, usingemdhania.

"Oda ni nyingi," alisema. "Hoteli wanataka korosho nzima, zisizovunjika, kama walizozoea. Ninyi bangueni, mimi niuze. Ila nitawalipa ujira wa kubangua tu."

"Na korosho zenyewe ni zetu," Yuliana alisema.

"Wateja ni wangu."

"Na jina?"

"Jina ni langu kisheria, mama. Mkilitaka, tutazungumza msimu ujao."

Ethel, mwenye watoto wanne wa shule, akamvuta Yuliana khanga. "Tukikataa, tutakula nini, mwenzangu?"

Yuliana alilijua hilo. Walanguzi wa mjini wangewapa bei ya kutupa, na shule zilikuwa zinafunguliwa. Hasira alikuwa nayo tangu Masasi, lakini sasa alijisikia mwepesi: hoteli zilitaka korosho nzima, na mikono ya kuzibangua ilikuwa yao. Akawatazama wenzake mmoja mmoja. Ethel akashusha pumzi, kisha akasimama, akairudisha sukari kwenye pikapu. Wengine wakafuata na sabuni.

"Mama zangu, hoteli zinanisubiri," Humphrey alisema, adabu ikianza kumtoka. "Nitawaambia nini?"

Yuliana akaokota korosho moja yenye ganda lake, akamwekea kiganjani.

"Si jina unalo, baba? Libangue."