Upande wa Pili wa Blanketi

Fundi alikuwa amechoka kuambiwa haiwezekani. Miaka thelathini amekaza nati za watu, halafu leo kila mtu anajifanya anajua mashine kuliko yeye! Sanduku lake la bati lilining'inia kwa kamba katikati ya karakana. Ndani mlikuwa na betri, inveta ya kuubadili umeme wa betri, gurudumu zito la chuma, na mota aliyoing'oa kwenye mashine ya kufulia ya mkewe. Sanduku lilitakiwa lijizungushe lenyewe bila kushikwa na chochote, na liendelee. Mkewe alikuwa amempa muda mpaka leo mchana. Likigoma, mota inarudi kwenye mashine yake.

Akabonyeza swichi. Gurudumu likanguruma kulia, sanduku likajipinda kushoto nusu mzunguko, likasita, kisha kamba ikalirudisha likatazama ukuta uleule. Mara ya arobaini na ngapi sijui.

"Kamba ya ovyo hii!" akafoka, akalipiga sanduku teke. Likazunguka vizuri sana. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Baba Pacha!" mkewe akaita kutoka uani. "Njoo tukamue blanketi."

Akatoka amenuna. Mama Pacha, vidole vimechubuka kwa kufua kwa mikono wiki sita, akampa ncha moja, naye akashika ya pili. Wakasokota, huyu huku, yule kule, maji yakamwagika. Ghafla mama akaachia.

Fundi akaendelea kusokota. Blanketi zima likazunguka pamoja na mikono yake, likamchapa suruali. Maji hayakutoka tena.

"Mbona umeachia?"

"Kwani lazima nishike? Si unasema kitu kinajizungusha chenyewe? Haya, kamua."

Fundi akaikaza ncha yake. Akasokota tena kwa hasira, na tena, huku akijua kabisa kwamba anajisumbua. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Wiki sita analaumu kamba, kumbe sanduku halina wa kulishikia upande wa pili, na huyu mwanamke amejibu kwa blanketi!

"Shika," akasema.

"Sema vizuri."

"Nishikie, mke wangu."

"Mota kwanza," mama akasema, mikono ameificha nyuma.

Fundi akalirudisha blanketi kwenye beseni, akaenda kutafuta spana.